Regilateri ya pikipiki: tuibadilishe ingali inapumua



Juma lililopita tuliongea juu ya kuhara kwa watoto wakati wa mvua. Juma hili tunawaomba mvumilie, tunaingia garajini. Wengi wetu hatuendeshi pikipiki, lakini ni nyumba ngapi katika avenue zetu zinakula kwa pikipiki? Kuna mama ambaye bwana yake ni motari. Kuna mjane aliyenunua pikipiki kwa mkopo wa chama na kumpa kijana aiendeshe. Kuna sisi walimu, ambao mshahara ukichelewa, pikipiki ndiyo inanunua unga. Fundi akisema «leteni pesa», ni nani anayefungua kitambaa? Basi ni vizuri anayefungua kitambaa ajue anafungulia nini.

Kitu chenyewe kinaitwa regilateri. Ni kipande cha aluminiamu kinachoenea kwenye kiganja, chenye mapezi mgongoni na nyaya nne au tano zinazotoka. Kimefungwa chini ya kiti, au nyuma ya fare, au ubavuni mwa chuma, kulingana na aina ya pikipiki. Hakina kelele na hakitoi oil. Sisi tulikaa miaka mitatu na pikipiki bila kujua kwamba kipo, mpaka usiku ule wa njia ya Mudaka.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa tumekwenda sokoni Mudaka, sisi na baba watoto, kuchukua maharagi. Tulichelewa kwa sababu ya mvua. Wakati wa kurudi giza lilikuwa limeshuka, mfuko wa maharagi ulikuwa kati yetu, na njia ilikuwa na matope. Kufika mahali fulani fare ikaanza kuangaza kwa namna ambayo hatujawahi kuona, mwanga mweupe kama wa kliniki. Baba watoto akafurahi. Akasema, «Leo fare inaona vizuri!» Hakumaliza neno, ampule ikakatika. Tukasimama, tukashuka, tukaona taa ya nyuma nayo imekwisha. Tukaendelea polepole kwa tochi ya simu. Kabla ya dakika kumi injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza, na kiki haikuiamsha tena.

Wamama, hatusemi hivi ili kuwaogopesha, lakini kusukuma pikipiki isiyo na taa kwenye barabara kubwa usiku ni kitu kingine. Lori lilishuka nyuma yetu. Dereva hakutuona mpaka alipokuwa karibu sana. Sisi tuliokuwa nyuma na simu mkononi tulijitupa kwenye mfereji pamoja na mfuko. Maharagi yalimwagika. Kelele za breki zile tungali tunazisikia hata leo tukilala. Familia moja ya kando ya njia ilitufungulia kiwanja, tukaacha pikipiki pale, wakatupa chai, tukatafuta motari mwingine wa kutufikisha mjini. Nyumbani bibi alikuwa amekaa mlangoni na watoto, hakuna aliyelala.

Asubuhi fundi alifungua kiti. Harufu ikatoka kama ya yai bovu. Batri ilikuwa imevimba, tumbo lake limesukuma plastiki. Akasema regilateri imekufa, na katika kufa kwake imekufa na wengine.

Tuna kadaftari ka matumizi nyumbani, kwa hiyo tunaweza kuwaambia bila kukisia. Kupakia pikipiki hadi mjini, dola 7. Batri mpya, 18. Kile kisanduku cheusi kinachotoa cheche, ambacho mafundi wanakiita CDI, 12. Ampule zote, 4. Kazi ya fundi, 5. Na regilateri yenyewe, 8. Jumla 54. Ongezeni siku 5 ambazo kijana hakufanya kazi na hakuleta dola zake 5 za kila siku: 79. Katika hizo 79, ni 8 tu zilizokuwa za kitu kilichokufa kwanza. Nyingine zote tulilipa kwa kuchelewa.

Mwezi ule mtoto wetu wa sekondari alirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali. Alikuja saa tatu asubuhi na mfuko wake mgongoni, akakaa kwenye kiti bila kusema. Na sisi ni walimu. Sisi pia tumesimama mbele ya darasa na orodha mkononi, tukisoma majina ya watoto wa wengine. Hayo tuyaache.

Tulipotulia tulitaka kufahamu jambo lenyewe, maana fundi alieleza kwa lugha ya garaji na baba watoto aliitikia kwa kichwa tu, kama wanafunzi wanaosema «ndiyo Madamu» na hawajaelewa kitu. Tukarudi kwenye vitabu vya fizikia vya shule. Hivi ndivyo tulivyoelewa.

Hapa Bukavu kila nyumba inajua regilateri nyingine, ile ya ukutani, sanduku lenye sindano au namba nyekundu. Tunaichomeka kati ya umeme wa njiani na frigo au televizyo, kwa kuwa umeme unashuka jioni watu wote wakipika, halafu unapanda ghafula usiku. Aliye na frigo bila regilateri anajua kilio chake. Sasa pikipiki nayo ina umeme wake inaoutengeneza yenyewe. Ndani ya injini kuna gurudumu lenye sumaku linalozunguka penye nyaya za shaba zilizokunjwa. Sumaku ikipita mbele ya shaba, umeme unazaliwa. Ni ule ule ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, ambao wanafunzi wetu wanaukariri bila kujua kwamba wameukalia kila wanapopanda pikipiki.

Lakini umeme huo una tabia mbili mbaya. Ya kwanza, unakwenda na kurudi, unageuka upande mara nyingi sana kila sekunde, na batri inataka umeme unaokwenda upande mmoja tu. Ya pili, unafuata injini. Injini ikizunguka polepole umeme ni mdogo, ukifungua gazi unakuwa mwingi kupita kiasi. Regilateri inafanya kazi mbili kwa hiyo. Inanyoosha umeme uende upande mmoja, halafu inauwekea mpaka, ili batri yetu ya volti 12 ipate kama volti 14 na nusu, isipate zaidi. Ziada inakwenda wapi? Kwenye pikipiki nyingi za hapa, regilateri haiwezi kuambia injini ipunguze. Inameza ziada hiyo na kuigeuza joto. Ndiyo maana ina mapezi: ni ya kupozea.

Ukifahamu hilo, unafahamu kwa nini Bukavu ni mji mbaya kwa regilateri. Mtazameni motari anayepanda kwenda Kadutu na abiria wawili na mfuko wa makala. Yuko kwenye vitesi ya kwanza, injini inalia, sumaku inazunguka mbio, umeme unazaliwa mwingi. Na pikipiki inatembea polepole kama mtu wa miguu, hakuna upepo wa kupoza. Halafu kuna matope yetu. Yakikauka katikati ya mapezi yanakuwa kama simenti, joto linabaki ndani. Siku moja, mwaka mmoja, miaka miwili, vile vidude vidogo vilivyo ndani vinapika polepole. Vinakufa kwa namna mbili. Kuna kufa kwa kufunga, ambapo batri haipati kitu na pikipiki inakuwa dhaifu siku kwa siku. Hiyo ni afadhali, inatoa nafasi. Na kuna kufa kwa kufungua, ambapo mpaka unaondoka na umeme wote unapita. Hiyo ndiyo ilitupata.

Joto si adui peke yake, kuna mikono yetu pia. Batri ikichoka, vijana wengi wanaitoa na kuendelea kufanya kazi bila batri, kwa kuwa pikipiki za aina nyingine zinawaka kwa kiki hata bila hiyo. Batri ndiyo inayotuliza umeme kama pipa linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Ukiondoa pipa, regilateri inapokea kishindo chote peke yake. Yule anayeokoa dola 18 za batri kwa miezi miwili, mara nyingi anakuja kulipa nyingine juu yake. Halafu kuna kuchomelea. Motari anataka chuma cha kulinda miguu, au karie kubwa ya kubebea mizigo, anakwenda kwa mchomeleaji, na cheche zinapigwa pikipiki ikiwa na batri yake imefungwa. Umeme wa kuchomelea unapita popote unapopata njia. Muambieni kijana wenu: kabla ya kuchomelea, afungue batri, na regilateri aitoe kwenye plagi yake. Ni kazi ya dakika tano. Na anayefungia batri kinyume, nyekundu mahali pa nyeusi, hata kwa kugusa tu, anaweza kuua regilateri papo hapo.

Tulipokwisha kuelewa hayo tulifikiri tumejilipia somo na limekwisha. Lakini lilifika kwenye chama.

Kuna dada mmoja wa kikundi chetu cha akiba, mjane, ambaye pikipiki yake inaendeshwa na mtoto wa dada yake. Alisimama siku ya mkutano, sanduku likiwa limefunguliwa kwa funguo tatu kama kawaida, akasema kijana analalamika: ampule mbili za fare zimekatika mwezi mmoja, na maji ya batri yanakwisha haraka. Pikipiki yenyewe inafanya kazi, inaleta pesa kila jioni. Aliomba dola 10 anunue regilateri kabla haijafa.

Ukimya ukaingia. Tunajuana, sanduku letu limezoea magonjwa, vilio, uzazi, na mtaji wa biashara. Halijazoea kitu ambacho bado ni kizima. Mama mmoja mzee wetu, ambaye maneno yake tunayaheshimu, akasema: «Watoto wangu, kwetu hatuchimbi kaburi la mtu anayekula.» Watu wakacheka, na tukaona ombi linaanguka.

Tuliomba neno. Tulifungua kale kadaftari, tukasoma namba zote, 7, 18, 12, 4, 5, 8, na siku 5 za kijana. Tukaeleza juu ya lori. Mama mzee akasikiliza hadi mwisho, akauliza swali ambalo hata fundi hakuwa ameuliza: «Na mtajuaje kwamba hii ya dada ni mgonjwa kweli? Ampule inaweza kufa kwa mashimo ya njia.» Alikuwa na haki. Ampule ya kuiga inakufa kwa kutikisika tu. Kubadilisha kitu kwa kukisia ni kupoteza pesa ya chama, na ndiyo njia ambayo mafundi wabaya wanaishi nayo.

Basi tulikubaliana tupime kwanza. Kikundi kikanunua multimetri ndogo ya manjano kwa dola 6, na ikaandikwa kwenye daftari kuwa ni mali ya chama, kama vile masahani ya sherehe. Jumamosi pikipiki tano za wanachama zikaja kwenye kiwanja. Motari waliokuja nazo walisimama kando na mikono kifuani, wakitabasamu.

Kupima si kazi ya wasomi. Mtoto wa la tano anaweza. Unageuza kitufe kwenye volti za umeme ulionyooka, kipimo cha 20. Ncha nyekundu kwenye kichwa cha batri chenye alama ya kuongeza, nyeusi kwenye chenye alama ya kutoa. Injini ikiwa imezimwa tangu muda, batri nzima inasoma 12,6 au 12,8. Ikisoma chini ya 12,4 haijashiba. Halafu unawasha injini, na mtu anafungua gazi polepole, si kwa fujo. Namba inapaswa kupanda na kusimama mahali kati ya 13,5 na 14,5, na ikisimama hapo, hata ukiongeza gazi isiendelee kupanda. Ikipita 15, mpaka umeanza kuvunjika. Ikibaki pale pale ilipokuwa injini imezimwa, au ikishuka, batri haipokei chakula. Msihukumu kwa namba ya injini inapopumua tu bila gazi, maana pikipiki ndogo nyingi hapo hazitoi kitu cha maana. Na jambo lingine linalodanganya: kwenye aina nyingine fare haipiti kwenye batri, inakula moja kwa moja kutoka kwenye injini, kwa hiyo kupungua na kuongezeka kwa mwanga pamoja na gazi si ugonjwa, ni tabia yake. Inayotakiwa kutushtua ni fare inayopita weupe wake wa kila siku.

Pikipiki ya dada: imezimwa, 12,7. Bila gazi, 13,9. Kwa gazi kidogo, 14,6. Tukaongeza, 15,3. Mama mzee alikuwa ameinama juu ya ile multimetri na miwani yake. Akasema taratibu, «Kumbe huyu anayekula ana homa.»

Katika zile nne zilizobaki, tatu zilisoma vizuri, tukazirudisha bila kugusa kitu, na wenyewe walilipa sifuri. Ya nne ilisoma 12,5 hata kwa gazi. Kama ni kukisia, tungenunua regilateri. Tulifungua plagi ya nyaya zake, tukaona plastiki imekuwa ya kahawia upande mmoja, na chuma kimoja kina kutu ya kijani. Kijana akaisafisha kwa brashi ya meno ya zamani, akakaza pia waya wa mase, ule unaofungwa kwenye chuma cha pikipiki, na namba ikapanda hadi 14,0. Lakini plagi iliyokwisha kuungua haiponi kabisa, inabidi ibadilishwe kabla haijayeyuka, na hilo tulimwambia mwenye pikipiki. Joto la plagi mbaya linarudi kuua regilateri nzima.

Kwa hiyo tukisema «kabla haijafa» hatusemi kila mtu akimbie dukani. Kitabu cha pikipiki hakiipi regilateri tarehe kama kinavyoipa oil. Tarehe yake tunaisoma kwenye namba. Tunapima mara moja kwa mwezi na kuandika. Namba ikianza kutembea, mwezi huu 14,3, mwezi ujao 14,7, ule mwingine 14,9, hatungoji 15. Ampule zikifuatana kufa, maji ya batri yakipungua mbio, harufu ya yai bovu chini ya kiti, plagi ya kahawia: hizo ni barua zake. Nasi hatuoni sababu ya kungoja barua ya mwisho ikiwa pikipiki inakwenda mbali, Kavumu au Walungu, au ikiwa ndiyo inaitwa usiku kubeba mama mwenye uchungu wa uzazi.

Tulikwenda dukani pamoja na dada na kijana, tukiwa na ile ya zamani mkononi. Msiende bila ya zamani. Muuzaji ataangalia sura na kusema «ni hii», lakini plagi mbili zinaweza kufanana, zote za ncha nne, na mpangilio wa nyaya ukawa tofauti kati ya pikipiki ya Uhindi na ya Uchina. Ukichomeka hiyo, unaiunguza siku ile ile. Tulihesabu ncha, tukalinganisha rangi ya waya baada ya waya, tukazipima mkononi. Moja ilikuwa nyepesi kama biskuti, mapezi membamba, jina kubwa limechapwa juu. Tuliiacha. Ile tuliyoichukua ilikuwa dola 2 zaidi. Muuzaji alikuwa anamjibu kijana wakati wote, hata swali likitoka kwetu. Mwishowe kijana alimwambia, «Baba, ongea na mama, yeye ndiye analipa.»

Fundi naye alikunja uso. «Madamu, hii ingali inafanya kazi, mbona munaitoa?» Tulimwonyesha 15,3. Alinyamaza, akachukua kle ya kumi.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Funguo imezimwa, kichwa cheusi cha batri kinafunguliwa kwanza, bulo mbili, plagi moja. Tuliomba asugue mahali inapokaa mpaka chuma kiangaze, kwa kuwa joto linapitia hapo, na kwenye aina nyingine mase nayo inapitia hapo. Alipofunga tulipima hapo hapo, 14,3, kijana akaenda kuzunguka nusu saa na kurudi ikiwa moto, tukapima tena, 14,2. Hiyo ya pili msiisahau. Regilateri mbaya inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi na kuharibika ikipata joto, na mkiwa bado mbele ya fundi na risiti mkononi ni rahisi kurudi dukani.

Neno moja kwa ajili ya watoto. Wengi wetu tunaingiza pikipiki ndani usiku kwa kuogopa wezi, inalala salon karibu na mkeka. Batri iliyoshibishwa kupita kiasi inatoa gesi inayoshika moto, na maji yake ni asidi. Ukisikia ile harufu, toa pikipiki nje kwanza, mbali na mshumaa na mbabula, na usimruhusu mtoto kugusa. Asidi ikimrukia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika nyingi bila kungoja, halafu mpeleke kwa muganga.

Dada amekwisha kurudisha mkopo wake, na faida ndogo juu yake. Kwenye pikipiki yetu, ile yenye regilateri ya usiku wa Mudaka, Jumamosi hii tulisoma 14,2, sawa na mwezi uliopita. Hata hivyo tumenunua nyingine, tukaifunga, tukaipima ikiwa baridi na ikiwa moto. Ya zamani, ambayo bado ni nzima na tunaijua, tumeifunga kwenye sashe pamoja na kle ya kumi, iko chini ya kiti. Kijana aliuliza kwa nini tusiweke mpya kama akiba. Baba watoto alimjibu kwamba kitu usichokijaribu si akiba. Multimetri iko kwa mweka hazina, anayeihitaji akaandike jina lake, airudishe kabla ya Jumapili, na airudishe ikiwa na pili yake ndani.